Ugali Hausongwi kwa Majani Chai

Mnamo Septemba 2011 mahindi ya Longisa, Bomet, yalianza kukauka huku mvua ikinyesha. Jani changa la juu liliingia michirizi ya manjano kuanzia shinani, kingo zikakauka kuelekea katikati, na mwishowe moyo wa mmea ukafa ilhali majani ya chini bado mabichi. Bua lililojaliwa kubeba gunzi lilibeba la bure: ukimenya maganda, unakuta punje chache zilizosinyaa au hukuti kitu. Wakulima waliweka mbolea. Wengine walinyunyizia dawa. Haikusaidia.

Uchunguzi wa wataalamu ulibaini kwamba virusi viwili vilikuwa vimekutana katika mmea mmoja. Kimoja kilikuwa kigeni nchini. Kingine, cha batobato ya miwa, kilikuwepo Kenya kwa miaka mingi bila kuleta balaa. Kila kimoja peke yake hudhoofisha mahindi, vikiungana, huua. Waliovisambaza ni vidukari na vithiripi, wadudu wadogo ambao mkulima huwaona tu akipindua jani na kuliangalia kwa makini. Ugonjwa huo, ambao wakulima sasa wanauita MLN tu, ulienea hadi Chepalungu, Narok na Naivasha, kisha ukavuka mipaka kuingia Tanzania, Uganda na Rwanda. Tathmini iliyofanywa kwa kuwahoji wakulima wenyewe ilikadiria kwamba mwaka 2013 Kenya ilipoteza takriban tani nusu milioni za mahindi, zaidi ya moja kwa tano ya mavuno yake.

Ushauri waliopewa wakulima ulikuwa sahihi: acheni mahindi kwa misimu miwili au zaidi, pandeni viazi, maharagwe na mboga ili virusi vikose pa kuishi. Tangu hapo mbegu zinazostahimili MLN zimepatikana, hasa baada ya taasisi ya utafiti wa kilimo KARI (sasa KALRO) na shirika la CIMMYT kufungua kituo cha kupimia aina za mahindi huko Naivasha mwaka huo wa 2013. Hayo ni mafanikio na lazima yasifiwe. Lakini kuna jambo ambalo Longisa ilituonyesha na ambalo halijapata jibu hadi leo. Katika nchi yenye mvua tele na udongo mwekundu wenye kina, familia nyingi zilikuwa zimetegemea nafaka moja tu. Ilipokufa, ghala lilibaki tupu.

Na Longisa angalau walikuwa na mahindi shambani. Panda juu kidogo, uelekee Konoin, Bureti, Belgut na Ainamoi, uone hali ilivyo. Chai inaanzia kwenye ukingo wa barabara na kupanda mlima hadi kwenye ukuta wa nyumba. Kuna maboma ambamo nafasi pekee iliyobaki bila chai ni uwanja wa kuanikia nguo, zizi la ng'ombe na mistari michache ya sukumawiki. Familia hizo hazilimi chakula cha kutosha hata mwezi mmoja. Hununua. Unga unatoka dukani, mahindi yanatoka Trans Nzoia, Uasin Gishu, Uganda au Tanzania, na wakati mwingine yanatoka mbali zaidi ya hapo. Nikiyatazama mashamba hayo naona kisiwa: kijani kila upande, na chakula kinaletwa kutoka ng'ambo.

Nafaka ilivyohama

Wakipsigis, wenyeji wa milima hii, hawakuanza na mahindi. Nafaka yao ilikuwa wimbi, na katika nyanda za chini zenye joto, mtama. Kimnyet, yaani ugali, ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, ukaliwa kwa mursik iliyotoka kwenye kibuyu au kwa saga na mnavu. Wimbi ndilo lililotoa pombe ya wazee, na pombe hiyo ndiyo iliyokuwa shukrani kwa kazi ya pamoja: majirani wa kokwet moja wanaingia shambani asubuhi kupalilia, jioni mwenye shamba anawakaribisha. Kwa hiyo wimbi lilikuwa chakula na lilikuwa pia kamba iliyowafunga watu pamoja.

Mahindi yaliingia na soko. Katika miaka ya 1920 jembe la kukokotwa na ng'ombe lilienea, na vinu vya maji vikajengwa kando ya mito kusaga unga. Walowezi na mashamba makubwa walihitaji posho ya kuwalisha vibarua, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Mkulima wa Kipsigis akaona kwamba zao hili linalimika kwa jembe, halihitaji palizi ya kupinda mgongo siku nzima, na lina mnunuzi. Alikuwa na sababu nzuri ya kulichagua.

Wakati huohuo ardhi ilikuwa ikipungua. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani iliporomoka, mradi ukafa katika miaka michache, lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Sehemu kubwa iliishia mikononi mwa kampuni za chai, na kuanzia mwaka 1925 Brooke Bond na James Finlay zikaifanya Kericho kuwa jina la chai duniani. Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kupanda zao hilo hadi miaka ya 1950, wakati Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964, kupanda chai kulikuwa zaidi ya kutafuta pesa. Ilikuwa ni kutwaa haki iliyonyimwa kwa miaka thelathini, na ndiyo maana siwezi kumlaumu mzee yeyote wa Litein au Mogogosiek aliyeng'oa wimbi akapanda miche ya chai. Chai ilijenga nyumba za mabati, ikasomesha watoto, ikaleta ng'ombe wa gredi.

Tatizo ni kwamba chai ikishapandwa haiondoki. Mchai hukaa ardhini nusu karne na zaidi, hauwezi kupishana msimu na nafaka, na unataka udongo wenye asidi ambao mahindi hayaupendi. Shamba la babu la ekari kumi likigawanywa kwa wana watano, kila mmoja anarithi ekari mbili ambazo tayari ni chai. Halafu kiwanda kinahitaji kuni za kukaushia majani, kwa hiyo hata kipande cha bonde kilichobaki kinapandwa blugamu. Hivyo ndivyo nafaka ilivyohama, kidogo kidogo, bila mkutano wowote uliokaa na kuamua ihame.

Pesa huja Oktoba, njaa huja Aprili

Wachumi wana hoja ambayo lazima ijibiwe kwa haki. Wanasema: ekari moja ya chai inaleta pesa zaidi ya ekari moja ya mahindi, kwa hiyo uza chai, nunua mahindi kwa watu wa Kitale wanaoyalima vizuri kuliko wewe. Katika mwaka mzuri hesabu hiyo ni kweli.

Lakini chukua mwaka 2017. Ukame ulishika nchi tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Viwavijeshi vamizi viliingia mashamba ya mahindi kwa mara ya kwanza. Unga ulipanda bei hadi serikali ikalazimika kuingiza ruzuku mwezi Mei ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90, na meli ikatia nanga Mombasa ikiwa na mahindi yaliyosemekana kutoka Mexico. Ukame huohuo ulikausha machipukizi ya chai: uzalishaji wa Kenya ulishuka kutoka takriban kilo milioni 473 mwaka 2016 hadi milioni 440 mwaka 2017. Ni kweli bei ya mnadani ilipanda, na mwisho wa mwaka taifa likapata pesa nyingi. Lakini mkulima wa KTDA halipwi mnadani. Hupata malipo madogo ya kila mwezi kwa kila kilo ya majani aliyopeleka kwenye kituo, kisha mwaka wa fedha unafungwa Juni, na bonasi inamfikia karibu na Oktoba. Aprili, majani ni machache, malipo ya mwezi ni madogo, na gorogoro ya mahindi imepanda. Ni hapo ambapo mama anakwenda dukani kukopa unga, na bonasi inapofika inakuta daftari la deni limejaa.

Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2022 pakiti ya unga ilipita shilingi 200. Na kati ya matukio hayo mawili, Julai 2021, serikali iliweka bei ya chini kabisa ya chai ya KTDA mnadani kuwa dola 2.43 kwa kilo, kwa nia njema ya kumlinda mkulima. Chai ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa, ambayo kwa kawaida huuzwa chini ya ile ya Mlima Kenya, ndiyo iliyoumia zaidi kwa kukosa wanunuzi kwa bei hiyo, ikarundikana ghalani. Mkulima wa Bomet hana sauti juu ya dola, wala juu ya mvua ya Kitale, wala juu ya amri ya mpakani. Ana sauti juu ya kipande chake cha ardhi tu.

Wenzetu wa Zanzibar walilijua hili kabla yetu. Karafuu iliwapa pesa kwa zaidi ya karne moja, na mchele ukaletwa kwa meli kutoka Asia. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Burma, mchele huo ulikatika, na serikali ya kikoloni ikageuka ghafla kuhimiza mpunga na muhogo katika visiwa ambavyo kwa miongo mingi ilikuwa imevitazama kama shamba la karafuu. Hadi leo Unguja na Pemba zinanunua sehemu kubwa ya mchele wao nje, ingawa mabonde kama Cheju na Kibokwa yamewekewa miundombinu ya umwagiliaji ili visiwa vijilishe walau kwa sehemu. Suluhisho halikuwa kung'oa mikarafuu. Walitafuta mahali pa mpunga kando yake.

Kazi ya wimbi

Ninaposema nafaka irudi, simaanishi mahindi peke yake. Mahindi yana nafasi yake, na mbegu ya H614 imelisha milima hii kwa miaka mingi, ingawa huko juu kwenye baridi hukaa shambani miezi saba au minane kabla ya kukomaa. Ninaloomba lipewe heshima upya ni wimbi.

Kwanza, ni la hapa. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba wimbi lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka kabla ya mahindi kuvuka bahari kutoka Amerika. Pili, gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 340 za kalisi, mara nyingi zaidi ya mchele au mahindi, na ndiyo maana mama aliyejifungua hupewa uji wake. Tatu, na hili ndilo la maana kabisa kwa usalama wa chakula, punje yake ni ndogo mno kiasi kwamba fukusi hawaiwezi. Mahindi yasiyotiwa dawa huliwa na wadudu ndani ya miezi. Wimbi lililokauka vizuri hukaa ghalani miaka, bila dawa, na likitoka huota au kusagwa kama la juzi. Ghala la wimbi lilikuwa akiba ya jamii dhidi ya mwaka mbaya ambao haujafika.

Lakini tusiwadanganye watu: wimbi lina kazi. Shamba lazima lilainishwe hadi udongo uwe kama unga, kwa sababu mbegu ni kama punje za mchanga. Wengi huzirusha kwa mkono, na zikiota zinaota pamoja na magugu ya ukoo mmoja nazo, ambayo katika wiki za kwanza yanafanana na wimbi kiasi kwamba mgeni atang'oa chakula aache magugu. Jicho la mama aliyelelewa katika kazi hiyo hutofautisha kwa rangi ya shina pale chini na jinsi lilivyobapa. Palizi hufanywa kwa kuchuchumaa. Ugonjwa wa kunyauka masuke, unaoletwa na kuvu, hupenda hali ya unyevu, nasi tuna unyevu wa kutosha. Ndege nao wanangoja.

Mavuno ni kisu kidogo na suke moja moja, kwa sababu masuke hayakomai siku moja. Yanarundikwa na kufunikwa siku kadhaa yapate joto, ndipo punje ilegee. Kisha yanaanikwa, yanapigwa kwa fimbo, na kupepetwa kwa ungo upepo wa alasiri ukianza. Makapi yake yanawasha shingo na mikono. Kazi hii yote, toka palizi hadi kupepeta, imekuwa ya wanawake, na wanawake haohao ndio wanaochuma chai toka alfajiri. Tukitaka wimbi lirudi bila kupunguza mzigo huo, tunataka wao wafe na kazi. Hapa ndipo mipango mingi ya kuhimiza vyakula vya asili inapokosea: inasifu lishe ya wimbi na kunyamaza kuhusu mgongo wa anayelipalilia.

Kupanda kwa mistari kunapunguza palizi sana, kwa sababu kinachoota nje ya mstari ni gugu na kinaweza kupitiwa kwa jembe. Aina zilizoboreshwa kama U-15 na P-224 zinafaa maeneo ya mwinuko wa wastani, mathalan sehemu za Sigowet, Soin, Sotik na Chepalungu, na huvunwa mapema kuliko mahindi ya milimani. Mashine ndogo za kupura zipo na zinaendeshwa kwa petroli. Moja inaweza kuhudumia vijiji kadhaa ikizunguka katika majuma ya mavuno.

Wala wimbi si kinga dhidi ya kila kitu. Mwaka 2015 watafiti waliripoti kwamba virusi vilevile viwili vya MLN vilikutwa kwenye wimbi hapa Kenya. Taarifa hiyo ilipaswa kusomwa katika kila baraza la chifu, maana inazima ile ndoto ya kubadilisha nafaka moja kwa nyingine kisha kulala usingizi. Kinachomlinda mkulima ni mchanganyiko na mzunguko: mahindi mahali, wimbi mahali, viazi au maharagwe yakiwapokea msimu unaofuata, na mbegu safi, si ile iliyookotwa kwenye shamba lililougua.

Robo ekari

Tuangalie hesabu. Familia inayosaga gorogoro moja ya kilo 2 kila siku inakula kilo 730 kwa mwaka, yaani magunia manane ya kilo 90. Nusu ekari ya mahindi iliyotunzwa kwa mbegu nzuri na samadi inaweza kutoa zaidi ya nusu ya hayo. Robo ekari ya wimbi, kwa mavuno ya kawaida ya mkulima mdogo ambayo ni karibu tani moja kwa hekta, inatoa kilo 100. Hiyo ni uji wa asubuhi wa watoto kwa mwaka mzima na ugali wa wimbi mara kwa mara. Na kwa kuwa bei ya wimbi sokoni mara nyingi hupita maradufu ya mahindi, huku mengi yakitoka Uganda na Tanzania, debe la ziada halikosi mnunuzi Litein, Kapkatet au Bomet mjini.

Robo ekari hiyo itatoka wapi katika shamba la ekari mbili zilizojaa chai? Mara nyingi iko. Ni pale penye blugamu kando ya kijito, ambapo miti hiyo haikupaswa kuwa kwa sababu inanyonya maji. Ni ile kona ya michai iliyozeeka, yenye mapengo, ambayo mchumaji huipita bila kujaza hata nusu kikapu. Kuing'oa kona hiyo hakupunguzi sana majani yanayofika kwenye kituo. Ila udongo wake utahitaji chokaa kabla ya kupokea mahindi, na hapo mkulima asitumie mbolea ya chai ya 26-5-5 iliyobaki stoo kupandia nafaka, kama wengi wanavyofanya. Ile imejaa naitrojeni ya kuotesha majani na ina fosforasi kidogo, ilhali mche wa nafaka unaanza maisha kwa kutafuta fosforasi ya mizizi. Samadi ya ng'ombe, ambayo karibu kila boma la maziwa linayo, ni bora kuliko hiyo.

Serikali za kaunti za Kericho na Bomet zina wajibu ambao hauwezi kuachiwa mkulima. Kilimo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013. Kila wadi ina haki ya kupata afisa wa ugani anayejua wimbi, si chai na maziwa tu. Kila wadi ina haki ya kupata mashine ya kupura na mbegu iliyothibitishwa inayopatikana kabla ya mvua, si baada yake. Shule za msingi zenye mpango wa chakula zinunue wimbi kwa wakulima wa wadi zao, maana mkulima akijua mnunuzi yuko, hatahitaji kuhimizwa. Viwanda vya KTDA, ambavyo ni mali ya wakulima wenyewe na vina magari, maghala na orodha ya kila mwanachama, vinaweza kuagiza chokaa na mbegu kama vinavyoagiza mbolea ya chai, na kukata gharama kidogo kidogo. Mtandao tayari upo. Unangoja uamuzi wa wakurugenzi ambao wakulima hao ndio waliowachagua.

Na wewe msomaji mwenye chai, usingoje kaunti. Mvua ndefu huanza Machi. Kabla haijafika, tembea shambani kwako na mwenzio wa nyumba, mchague pamoja ile kona isiyolipa, muilime mapema ili magugu yafe kwa jua la Januari na Februari. Mwulizeni mama mzee wa jirani kama bado ana mbegu ya wimbi la zamani, maana lile lililozoea baridi ya milima yetu halipatikani kwenye duka lolote, na wanaolihifadhi wanapungua kila mwaka.